Majina ya Madaraja: Uhakiki wa Maandishi ya Utalii Kuhusu Alama za Miji

Utangulizi

Miongoni mwa matini ambazo wanafunzi wa tafsiri hupewa mara kwa mara ni zile zinazohusu utalii. Sababu yake inaeleweka. Matini hizo ni fupi, lugha yake si ngumu, na wahitimu wetu wengi hutarajia kupata riziki katika hoteli, katika kampuni za kuongoza watalii au katika ofisi za habari. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tawi moja dogo la maandishi hayo, yaani yale yanayoeleza madaraja mashuhuri ya miji. Tumelichagua tawi hili kwa sababu makosa yake ni rahisi kuyaona, na mtu akishayaona katika madaraja ataweza kuyatambua pia katika maandishi kuhusu misikiti, makanisa, masoko na makumbusho.

Tatizo lenyewe ni hili. Mwandishi hutafsiri jina la daraja neno kwa neno, kisha huliongezea sifa zilezile: maarufu, la kuvutia, la kupendeza, la aina yake. Msomaji humaliza kusoma bila kujua kwa nini daraja hilo, wala si jingine lililo hatua chache kutoka hapo, limekuwa alama ya mji. Hoja yetu ni kwamba daraja halifanywi kuwa alama ya mji na urefu wake wala uzuri wake peke yake. Linafanywa hivyo na jina lake pamoja na kisa ambacho watu wamelitwisha. Kwa hiyo anayetafsiri jina bila kukijua kisa hukitupa kile hasa ambacho mtalii amekifuata.

Jambo hili si la anasa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na nchi jirani za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimechukua hatua za namna hiyo. Mabango, vipeperushi na maelezo ya vivutio vyetu yatahitaji kuandikwa kwa Kiswahili, na watakaoyaandika ni hawa tunaowafundisha sasa. Mazoea wanayoyajenga darasani kwa kutafsiri habari za London na Venice ndiyo watakayoyatumia kesho huko Jinja.

Neno "maarufu" na orodha za ubora

Kwanza tulitazame neno linalotumika kuliko mengine yote. "Maarufu" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni "linalojulikana". Kila sifa ya namna hiyo huzua swali: linajulikana na nani, na kwa lipi? Mwandishi anayesema kwamba daraja fulani ni maarufu sana hajajibu swali hilo, bali ameliahirisha. Ni sawa na mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba riwaya fulani ni nzuri kisha akafunga kitabu.

Aidha, waandishi wengi hupenda orodha za madaraja kumi bora. Lugha yetu ina mzaha wake hapa, kwa kuwa neno "daraja" lina maana mbili: kivuko kilichojengwa juu ya maji au bonde, na cheo au kiwango, kama pale tunapomsifu aliyepata daraja la kwanza katika mtihani. Waandishi hawa huyapanga madaraja kwa madaraja. Daraja la Brooklyn huwekwa juu ya lile la Sydney, lile la Sydney juu ya lile la Praha, bila kipimo chochote kinachoelezwa. Kama kipimo ni urefu, madaraja mengi mapya yasiyojulikana yangeshinda. Kama ni umri, vilevile. Orodha hizo haziwezi kueleza kwa nini daraja fupi la upinde mmoja mjini Mostar linawaliza watu waliokwisha kuona madaraja yenye urefu wa kilomita nyingi.

Jina huelekeza kwa jirani

Hebu sasa tuyaangalie majina yenyewe. Tuanze na London, Uingereza.

Tower Bridge lilifunguliwa mwaka 1894. Lina minara miwili mikubwa, na katikati yake sehemu mbili za barabara huinuliwa ili meli zipite. Mwanafunzi akipewa jina hili pamoja na picha, ni rahisi aandike "Daraja la Minara". Picha inamuunga mkono, na kamusi inamuunga mkono, lakini jina halikutokana na minara hiyo. Limetokana na Tower of London, ngome ya kifalme iliyo jirani kabisa na daraja, ambayo ilianza kujengwa katika karne ya 11. Minara ya daraja ni midogo kwa umri kwa takriban miaka mia nane. Tena, mifupa yake ni ya chuma. Mawe yanayoonekana nje ni vazi tu, nalo lilichaguliwa ili daraja lifanane na ngome hiyo. Hivyo jina na umbo la daraja vyote viwili vinaelekeza upande mmoja, yaani kwa jirani yake. Anayeandika "Daraja la Minara" anakata uzi huo, na msomaji wake atasimama mbele ya ngome bila kujua kwamba ndiyo iliyozaa jina na sura ya daraja.

Ugumu huongezwa na kiunganifu chetu cha -a. "Daraja la Mnara" laweza kuwa daraja lenye mnara, daraja lililo karibu na mnara, au daraja mali ya mnara. Isitoshe, kwa msomaji wa pwani neno "mnara" huleta kwanza picha ya msikiti. Lugha yetu haina kasoro hapa. Inachodai ni kwamba mfasiri aongeze maneno machache: "Tower Bridge, daraja lililopata jina kutokana na ngome ya Tower of London iliyo kando yake."

Karibu na hapo liko London Bridge, na kosa jingine hujitokeza. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "daraja la London" tukiwa na maana ya daraja lolote la mji huo, na "Daraja la London" tukiwa na maana ya daraja moja mahususi. Kwenye maandishi tofauti ni herufi kubwa tu. Katika mazungumzo haipo kabisa. Ndiyo maana picha ya Tower Bridge mara nyingi huwekewa maelezo ya London Bridge. Daraja hilo la pili ni la kawaida kwa macho, nalo lilifunguliwa mwaka 1973. Lililokuwapo kabla yake, lililofunguliwa mwaka 1831, liliuzwa mwaka 1968 kwa tajiri wa Marekani aitwaye Robert McCulloch. Mawe yake yalisafirishwa hadi Lake Havasu City katika jimbo la Arizona, yakavishwa juu ya kiunzi kipya cha zege, na daraja likafunguliwa huko mwaka 1971. Kwa maneno mengine, mtu aweza kuvuka London Bridge akiwa katika jangwa la Marekani. Kisa hiki kinamfundisha msomaji zaidi kuliko sifa kumi.

Mfano wa tatu ni Golden Gate mjini San Francisco. Tafsiri tunayoiona mara nyingi ni "Daraja la Dhahabu", na wachache hufika "Daraja la Lango la Dhahabu". Ya kwanza ni kosa mara tatu. Daraja si la dhahabu; limejengwa kwa chuma. Halina hata rangi ya dhahabu. Rangi yake ni ya machungwa iliyokolea kuelekea wekundu. Wala jina si la daraja kwa asili, bali ni la mlangobahari lililouvuka. Mlango huo ulipewa jina la Kigiriki, Chrysopylae, na John C. Frémont mwaka 1846, akiufananisha na bandari ya Istanbul ambayo Wagiriki waliiita Pembe ya Dhahabu. Mwaka 1846 ulikuwa kabla dhahabu ya Kalifornia haijagunduliwa, kwani ugunduzi huo ulitokea mwaka 1848. Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 1937. Mfasiri akiandika "Daraja la Dhahabu", msomaji atajitungia kisa cha wachimba dhahabu, na kisa hicho si cha kweli.

Tukirudi nyumbani, tunalo daraja la Jinja, mji uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020. Daraja hili lina urefu wa mita 525 na lilifunguliwa mwezi Oktoba 2018. Limeshikiliwa na nyaya nene zinazotoka moja kwa moja kwenye nguzo ndefu hadi kwenye barabara, na nyaya hizo ndizo zilizolifanya lianze kuonekana katika kalenda na picha za harusi. Jina lake rasmi kwa Kiingereza ni Source of the Nile Bridge. Hapa kuna bahati njema: "Daraja la Chanzo cha Nile" ni tafsiri inayofaa, kwa sababu hakuna atakayedhani kwamba daraja lenyewe ndilo chanzo cha mto. Jina linaelekeza kwa jirani, kama lile la London na lile la San Francisco, na kiunganifu cha -a kinatosha kuibeba maana. Kabla ya hapo magari yalivuka juu ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ambalo baadaye lilipewa jina la Nalubaale. Nalubaale ni jina la Kiganda la Ziwa Victoria. Mwandishi wa kipeperushi cha Jinja akiyataja majina hayo mawili, atakuwa ameieleza historia ya nusu karne kwa mstari mmoja.

Jipya lililo kongwe, la kale lililo jipya

Kundi la pili la majina ni yale yenye sifa za umri. Mjini Paris liko Pont Neuf, yaani "Daraja Jipya". Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1578 na likakamilika mwaka 1607, nalo ndilo daraja kongwe kuliko yote yaliyosimama leo juu ya Mto Seine mjini humo. Mfasiri mwepesi huishia hapo na kuufanya mkanganyiko huo kuwa kichekesho. Lakini jina lilikuwa la kweli siku lilipotolewa. Madaraja mengine ya Paris ya wakati huo yalikuwa na nyumba na maduka juu yake, mvukaji asiuone mto. Hili lilijengwa bila nyumba, likawa na njia za kando za waendao kwa miguu, na mtu aliweza kusimama akatazama maji. Upya wake ulikuwa wa namna ya ujenzi, wala si wa tarehe tu. Namna hiyo ya kusimama darajani na kuutazama mji, ambayo leo ndiyo kazi kubwa ya watalii, ilipata nafasi yake hapo.

Mfano wa kinyume uko Mostar, nchini Bosnia na Herzegovina. Daraja la mawe la mji huo huitwa Stari Most. Lilijengwa wakati wa dola ya Waturuki wa Uthmaniya, na msanifu wake alikuwa Mimar Hayruddin. Lilimalizika mwaka 1566, upinde mmoja tu ukivuka Mto Neretva. Mji wenyewe umepata jina kutokana na mostari, yaani walinzi wa daraja. Tarehe 9 Novemba 1993, katika vita vya Bosnia, vikosi vya Wakroati vililipiga kwa mizinga mpaka likaanguka mtoni. Lilijengwa upya kwa jiwe la aina ileile na kwa kufuata mbinu za wajenzi wa kwanza, likafunguliwa mwezi Julai 2004, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Vijana wa mji bado hujitupa mtoni kutoka juu yake, kama walivyofanya baba zao.

Sasa tujiulize: Stari Most tuliiteje kwa Kiswahili? Hapa lugha yetu ina utajiri ambao wanafunzi hawautumii. Tukisema "daraja la zamani", msomaji atauliza la sasa liko wapi, kwa kuwa "la zamani" mara nyingi hudokeza kitu kilichokwisha kuachwa. Tukisema "daraja kuukuu", tutakuwa tumelidhalilisha, maana kuukuu ni nguo iliyochakaa na kikapu kilichotoboka. Tukisema "daraja zee", tutakuwa tumelipa umri wa kiumbe, nalo litasikika limechoka. "Daraja kongwe" linataja umri kwa heshima, lakini jengo la mwaka 2004 si kongwe kwa hesabu ya mawe. Linalobaki ni "Daraja la Kale". Neno hili halipimi uchakavu wala halisemi kwamba kitu kimeachwa. Linaunganisha kitu na wakati wa wahenga. Watu wa Mostar walipolijenga upya hawakuliita jipya, kwa sababu walichokuwa wanarudisha hakikuwa njia ya kuvukia peke yake. Walikuwa wanarudisha jina la mji wao.

Mfano huu unaonyesha kwamba uchaguzi wa sifa moja ya Kiswahili si suala la mapambo. Anayeandika "daraja la zamani" kwa Mostar anawaambia wasomaji wake, bila kukusudia, kwamba waliolibomoa walifanikiwa.

Pumzi za wafungwa

Kundi la tatu linatuhusu sisi watu wa fasihi. Mjini Venice, Italia, liko daraja dogo la mawe meupe lililofunikwa kote, lenye vidirisha vyenye kimiani cha mawe. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 ili kuunganisha jumba la watawala wa mji na jela iliyo ng'ambo ya mfereji. Huitwa Ponte dei Sospiri. Inasimuliwa kwamba wafungwa walipopitishwa humo waliutazama mji kwa mara ya mwisho kupitia vidirisha hivyo, wakashusha pumzi kwa huzuni.

Daraja hilo lisingejulikana duniani kwa kiasi hicho kama si mshairi wa Kiingereza Byron, aliyelitaja mwanzoni mwa sehemu ya nne ya utenzi wake Childe Harold's Pilgrimage, iliyotoka mwaka 1818. Shairi likazaa safari, na safari zikazaa biashara. Leo watalii hujazana juu ya daraja jingine, Ponte della Paglia, ili walitazame lile la kwanza na kulipiga picha. Watu wanasimama juu ya daraja wanaloweza kulivuka bure, wakilitazama daraja lililojengwa kwa ajili ya watu wasiopenda kulivuka. Huo ni uwezo wa fasihi, na mwalimu wa fasihi hana budi kuwaeleza wanafunzi wake.

Jina hilo linatafsiriwaje? Mara nyingi tunaona "Daraja la Vilio". Lakini kilio ni sauti kubwa yenye machozi, na huko Venice tunaelezwa juu ya sauti ndogo. "Kite" ni mguno wa maumivu, na kwa wengi huhusishwa na uzazi. "Majonzi" ni hali ya moyo, wala si sauti. "Kushusha pumzi" ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi, lakini katika matumizi ya kila siku mtu hushusha pumzi anapopata nafuu. "Daraja la Kushusha Pumzi" litamfanya msomaji adhani pana benchi na kivuli cha kupumzikia. Kwa maoni yetu, hapa inafaa jina libaki Ponte dei Sospiri, kisha maelezo yafuate katika sentensi moja yenye kitenzi: ni daraja ambalo wafungwa, kwa mujibu wa masimulizi, walishusha pumzi ya mwisho ya uhuru wao. Kiswahili hupenda kusema kwa vitenzi mambo ambayo lugha za Ulaya huyasema kwa nomino. Mfasiri anayelazimisha nomino anaikataa nguvu ya lugha yake mwenyewe.

Jina la serikali na jina la wapitao

Kundi la mwisho ni madaraja yenye majina mawili: lile lililoandikwa kwenye kibao na lile linalotoka vinywani. Mjini Praha ujenzi wa daraja kubwa la mawe ulianza mwaka 1357 kwa amri ya mfalme Charles wa Nne. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia tano watu waliliita tu Daraja la Mawe au Daraja la Praha. Jina la mfalme lilianza kutumika mwaka 1870. Hadi mwaka 1841 lilikuwa daraja pekee la mji huo juu ya Mto Vltava, na kitu kilicho kimoja hakihitaji jina refu. Kipeperushi kinachosema kwamba watu wa Praha wamemuenzi Charles kwa jina hilo tangu karne ya 14 kinawasingizia.

Dar es Salaam tunaona jambo la namna hiyo katika siku zetu. Daraja lenye urefu wa mita 680 lililofunguliwa mwezi Aprili 2016 lilipewa jina la Mwalimu Nyerere. Watu wengi bado wanasema Daraja la Kigamboni. Wasomaji wasidhani kwamba huko ni kumkosea heshima Mwalimu. Mvukaji, ambaye kabla ya hapo alitegemea pantoni, hulitaja daraja kwa kule anakokwenda. Ndivyo ilivyo pia Mombasa, ambako watu husema Daraja la Nyali, kwa kuwa linawapeleka Nyali. Serikali hutazama nyuma, kwa mtu wa kukumbukwa. Mpita njia hutazama mbele, kwa safari yake. Mwandishi mzuri wa habari za utalii atayataja majina yote mawili, kwa sababu mgeni akimuuliza dereva wa bajaji kwa jina la kwenye kibao pekee huenda akazungushwa bila sababu.

Papo hapo Dar es Salaam kuna Daraja la Salenda. Jina hilo limetokana na Selander, ofisa wa kazi za umma wakati wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kiswahili kiliumeza ugeni wa jina hilo kwa kulipa irabu mwishoni, na kwa vizazi kadhaa watu wamelitaja bila kumkumbuka mwenye jina. Daraja jipya lililojengwa jirani, likazinduliwa mwezi Machi 2022, limepewa jina la Tanzanite, jiwe la thamani linalopatikana Tanzania. Wanafunzi wa isimu wana swali zuri hapo: jina hilo nalo litamezwa kwa namna gani katika vinywa vya watu baada ya miaka hamsini?

Lakini mfano unaotugusa kuliko yote uko Unguja. Mtu anayefika sokoni Darajani hataliona daraja. Zamani mkono wa bahari uliugawa mji, Mji Mkongwe ukawa upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili, na daraja likaziunganisha sehemu hizo. Mkono huo wa bahari ulifukiwa, daraja likaondoka, lakini kiambishi cha mahali, ile -ni ndogo ya mwisho, kimeendelea kushikilia kumbukumbu yake. Na neno "Ng'ambo" nalo limebaki likitaja upande wa pili wa maji yasiyokuwapo. Mji una alama iliyo katika lugha peke yake. Hakuna picha inayoweza kuionyesha, ila mtu anayejua Kiswahili anaweza kuisoma.

Je, kipeperushi kinaweza kuyabeba yote haya?

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Kipeperushi ni kifupi, mtalii ana haraka, na mwenye hoteli analipia ukurasa mmoja tu. Hoja hii ina uzito, na hatutaki kuigeuza kila matini ya utalii iwe tasnifu. Lakini ufupi haulazimishi utupu. Tulinganishe sentensi mbili tulizozitunga kwa ajili ya makala haya:

"Daraja la Zamani la Mostar ni daraja maarufu sana duniani, lenye mandhari ya kuvutia na kupendeza, ambalo hutembelewa na watalii wengi kutoka kila pembe ya dunia."

"Stari Most, yaani Daraja la Kale, lilimalizika mwaka 1566, likabomolewa kwa mizinga mwaka 1993, likajengwa upya mwaka 2004, walinzi wa daraja ndio walioupa mji wa Mostar jina."

Sentensi ya pili inaizidi ya kwanza kidogo tu kwa urefu. Tofauti ni kwamba ya kwanza yaweza kuandikwa na mtu asiyejua chochote kuhusu Mostar. Badilisha jina tu, nayo itafaa kwa Sydney au Brooklyn. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa wanafunzi na walimu wenzetu: sentensi inayofaa kwa kila daraja haijasema lolote kuhusu daraja lolote.

Wapo pia watakaosema kwamba kuacha majina kama Tower Bridge au Ponte dei Sospiri katika lugha zake ni kukidharau Kiswahili. Hatukubaliani nao. Jina la mahali ni kama jina la mtu. Mgeni aitwaye Stone hatumwiti Bwana Jiwe. Heshima kwa Kiswahili inaonekana katika maelezo yanayofuata jina, pale ambapo mfasiri anapaswa kuchagua kati ya kale, kongwe, kuukuu na zamani, na kuchagua kwa kujua.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa maandishi ya Kiswahili kuhusu madaraja mashuhuri hautokani na upungufu wa maneno. Unatokana na kutafsiri kabla ya kuuliza. Kwa ajili ya darasa tunapendekeza hatua tatu. Kwanza, kabla ya kugusa kamusi, mwanafunzi aulize jina linaelekeza kwa nani au kwa nini: jirani, umri, masimulizi au mtu. Pili, aamue kama tafsiri ya moja kwa moja inaihifadhi maana hiyo, kama ilivyo kwa Jinja, au inaiharibu, kama ilivyo kwa London na San Francisco. Tatu, afute "maarufu" na ndugu zake wote, kisha aone kilichobaki katika ukurasa wake.

Zoezi lenyewe linaweza kuanzia karibu. Watu wanaovuka kila siku pale Jinja wana namna zao za kulitaja daraja lao: wengine husema daraja la Nile, wengine daraja jipya. Wanafunzi waende wakasikilize na kuyaandika majina hayo pamoja na sababu zake. Kama ilivyotokea Paris, huenda hilo "jipya" likadumu hata daraja litakapokuwa kongwe, na ni vyema iwepo kumbukumbu ya Kiswahili inayoeleza lilianzaje.